Chembe ya Damu Inayogeuka Mundu

Mwili wa kila kiumbe chenye uhai umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno ambavyo macho matupu hayawezi kuviona. Aliyevipa jina hilo ni Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665, alipotazama kipande cha kizibo kwa hadubini.

Leo na tuitazame seli moja tu, chembe nyekundu ya damu. Katika tone lisilozidi kichwa cha pini zimo chembe hizo kiasi cha milioni 5. Umbo lake ni la mviringo, nalo limebonyea katikati. Tena ni nyororo, hata hupenya mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Mchukuzi mwenyewe ni protini iitwayo himoglobini, yenye madini ya chuma, nayo ndiyo iipayo damu wekundu wake.

Protini yafanana na shanga zilizotungwa katika uzi. Shanga hizo ni asidi amino, nazo ni za aina 20. Himoglobini ina nyuzi nne, na mbili kati yake zina shanga 146 kila uzi. Sasa msomaji na astaajabu: mtu mwenye ugonjwa wa selimundu ana kosa la ushanga mmoja tu, ule wa 6. Vernon Ingram, aliyefanya kazi Cambridge, alithibitisha mwaka 1957 kwamba mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Basi himoglobini hiyo ikiisha kutoa oksijeni yake, hugandamana na kuwa kama vijiti, na chembe hupinda mfano wa mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, na mikono na miguu yake huvimba. Tena chembe hizo hufa upesi, na damu hupungua. Wako wasemao mtoto huyo amerogwa. Hakurogwa, amerithi.

Kila mtu hupokea urithi wa himoglobini kwa baba na kwa mama. Aliyerithi kosa upande mmoja tu kwa kawaida haugui, wala hajui kwamba analo. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Kwa nini kosa hili halikutoweka? Jibu lilipatikana hapa Afrika ya Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949. Katika makabila ya pwani na ya kando ya Ziwa Victoria aliwakuta wenye urithi huo wakizidi 20 katika kila 100. Nyanda za juu, penye malaria haba, hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alieleza sababu: urithi wa upande mmoja humkinga mtoto asiuawe na malaria. Kinga hiyo si kamili, na chandarua bado chahitajiwa. Naye mwenye ugonjwa wenyewe hana nafuu hiyo. Malaria humdhuru mno.

Wachumba waweza kujua hali yao kwa kupimwa damu kabla ya ndoa. Mtoto mchanga naye hupimwa kwa tone litolewalo kisiginoni, na akionekana mgonjwa huanzishiwa penisilini mapema, kwa kuwa maambukizo huwaua wengi kabla ya miaka mitano.