Majibizano Yaliyokatika: Asili na Athari za Wimbo "Space Oddity" wa David Bowie

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Julai 1969, siku tano kabla ya chombo cha Apollo 11 kurushwa kutoka Florida kuelekea mwezini, ilitolewa nchini Uingereza santuri ndogo ya mwimbaji kijana aliyeitwa David Bowie. Wimbo wake, "Space Oddity", unamhusu mwanaanga wa kubuni, Major Tom, ambaye anarushwa angani kwa shangwe, kisha mawasiliano baina yake na kituo cha ardhini yanakatika, naye hasikiki tena akirudi. Wimbo huo wa msiba umekuja kupendwa mno na wanaanga wenyewe na mashabiki wa safari za anga, yaani watu ambao hofu yao kubwa ni hilo hasa linaloelezwa humo.

Makala hii inachunguza kinyume hicho. Hoja yake ni kwamba sababu haimo katika bahati ya tarehe wala katika umaarufu wa mwimbaji peke yake, bali imo katika muundo wa lugha ya wimbo. "Space Oddity" umetungwa kwa umbo la majibizano yasiyo na msimulizi, na majibizano hayo yanakatizwa kabla hayajatimia. Pengo lililobaki ndilo ambalo wengine wamekuwa wakilijaza tangu hapo.

2.0 Asili

Bowie, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa David Robert Jones, alizaliwa Brixton, London, mwaka 1947. Alikuwa amekwisha toa santuri kadhaa ambazo hazikuvuma. Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, na Bowie mwenyewe alieleza baadaye kwamba filamu hiyo ndiyo iliyomzindua, wala si mradi wa Wamarekani wa kwenda mwezini. Umbo la awali la wimbo lilirekodiwa Februari 1969 kwa ajili ya filamu fupi ya kumtangaza mwimbaji. Lile linalojulikana leo lilirekodiwa mwezi Juni katika studio ya Trident, London, chini ya usimamizi wa Gus Dudgeon. Tony Visconti, aliyesimamia nyimbo nyingine za albamu ile, aliukataa huu kwa kuuona kuwa ni hila ya kuvizia habari za mwezi. Hakukosea sana kuhusu biashara, kwani santuri iliharakishwa ili iwahi safari ya Apollo. Alikosea kuhusu wimbo.

Miongoni mwa ala zilizotumika imo Stylophone, ala ndogo ya umeme ipigwayo kwa kugusisha kijiti cha chuma juu ya kibao. Ilikuwa imeingia madukani miaka hiyohiyo, na wengi waliiona kuwa kitu cha kuchezea watoto. Mlio wake mwembamba wa kuvuma unafanana na mlio wa mitambo ya redio, na kwa hiyo unafanya kazi ya kisemantiki kabla ya mwimbaji kutamka neno.

Jina la wimbo lastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Neno la mwisho la jina la filamu ya Kubrick linatokana na utenzi wa Homer kuhusu Odysseus, shujaa anayehangaika baharini miaka kumi hadi anafika nyumbani kwa mkewe. Bowie alichukua neno la Kiingereza linalokaribiana nalo kwa sauti, lakini lenye maana ya kioja au kitu kisicho cha kawaida. Kwa kubadili silabi chache, safari imegeuka kuwa kioja. Odysseus ana mke anayemngoja, na Major Tom vilevile anaye mke. Odysseus anarudi, Major Tom harudi. Mchezo huo wa maneno, ambao wengi huuona kuwa mzaha tu, umebeba kisa chote.

3.0 Wazungumzaji wawili bila msimulizi

Katika wimbo huu hakuna sauti ya tatu inayosema nani kasema nini. Kinachosikika kwanza ni kituo cha ardhini kikimwita mwanaanga kwa cheo na jina, kikitoa amri fupifupi: ameze vidonge, avae kofia yake. Nyuma ya amri hizo mtu anahesabu kurudi nyuma hadi chombo kinaporuka. Baada ya hapo lugha ya kituo inabadilika. Amri zinakuwa pongezi, na papo hapo biashara inaingia: magazeti yanataka kujua mwanaanga huvaa mashati ya nani. Ni kejeli kali iliyopitishwa kwa kauli ya kawaida kabisa, na ndiyo inayomweleza msikilizaji kwamba kituo hakimwoni Tom kama mtu.

Major Tom anajibu kwa utaratibu uleule wa redio, akijitaja kwanza. Lakini punde anaacha kujibu na kuanza kueleza hali yake. Anatoka mlangoni, anaelea, nyota zina sura nyingine. Mara baada ya hayo anasema ameketi ndani ya kopo la bati. Je, yuko nje au ndani? Kiingereza kinamruhusu mtunzi kulikwepa swali hilo, kwa sababu neno lake la kuonyesha mahali pa karibu ni moja tu. Mfasiri wa Kiswahili hana mwanya huo. Akichagua "humu", amemfungia Tom ndani ya kopo. Akichagua "huku", amemwacha katika anga lisilo na mpaka. Akichagua "hapa", amempa kituo mahususi, jambo ambalo mtu anayeelea hana. Ngeli za mahali, ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huziona kuwa adha, hapa zinafichua utata ambao masikio ya Waingereza wengi yamepita juu yake.

Utata wa namna hiyohiyo umo katika rangi. Tom anaitazama dunia na kuitaja kuwa ya buluu. Wanaanga wa kweli walikuwa wamekwisha sema hivyo, na picha ya dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, iliyopigwa kutoka Apollo 8 tarehe 24 Desemba 1968, ilikuwa imezagaa ulimwenguni. Lakini neno hilo katika Kiingereza lina maana ya huzuni pia, na maana zote mbili zinasikika kwa pamoja. Kiswahili hakina uhusiano huo. Mfasiri anayependa "samawati" atapata faida nyingine asiyoitarajia, kwa kuwa asili ya neno hilo ni mbingu: aliyeko mbinguni angekuwa anaiona rangi ya mbingu kule chini alikotoka.

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Tom anatuma salamu za mapenzi kwa mkewe, na hapo panatokea maneno machache ya kusema kwamba mke huyo anajua. Ni Tom anayejifariji, au ni kituo kinachomjibu? Mpaka wa zamu ya mzungumzaji haukuwekwa alama, na wimbo husikizwa bila vituo vya uandishi. Kisha kituo kinagundua kwamba mtambo umekufa, kinamwita Tom tena na tena, na wito wake wa mwisho haukamiliki. Tom anaendelea kusema. Kituo hakimsikii, mke hamsikii. Anayemsikia ni msikilizaji wa santuri peke yake, ambaye hana njia ya kumjibu. Mabadiliko haya ya nafsi ya pili, kutoka kituo kwenda kwa mtu asiyetajwa, yanafanyika bila neno hata moja la kuyaeleza.

Msomaji aliyezoea malumbano ya washairi wa Mombasa na Lamu zama za Muyaka bin Haji ataitambua nguvu ya umbo hili. Shairi lililotupwa ng'ambo hudai jibu, na kunyamaza nako ni jibu. Tofauti ni kwamba hapa pande zote mbili zimetungwa na mtu mmoja, naye ameuacha upande mmoja kimya kwa makusudi.

4.0 Waliojibu

Santuri ilifika nafasi ya 5 Uingereza mwishoni mwa 1969. Ilipotolewa upya mwaka 1975 ilishika nafasi ya kwanza.

Jibu la kwanza lilikuwa la ajabu kuliko yote. Kwa soko la Italia, Bowie alirekodi wimbo kwa Kitaliano, maneno yakiwa ya mtunzi Mogol, na ukatolewa mwaka 1970 kwa jina "Ragazzo solo, ragazza sola", yaani kijana mpweke, msichana mpweke. Anga halimo, chombo hakimo, Tom hayumo. Kuiita kazi hiyo tafsiri ni kulitesa neno. Hata hivyo Mogol alihifadhi kitu kimoja, nacho ni upweke, na yawezekana aliusikia wimbo vizuri kuliko wale waliosikia roketi tu.

Bowie mwenyewe alijibu mwaka 1980 kwa "Ashes to Ashes". Habari za Tom zinafika ardhini hatimaye, na habari yenyewe ni kwamba amekuwa mtumwa wa dawa za kulevya. Mjerumani Peter Schilling, ambaye "Major Tom (Völlig losgelöst)" wake uliongoza Ujerumani Magharibi mwaka 1983, alichukua njia nyingine: watu wa chini wanaomboleza, ilhali Tom anaelea akiongozwa na nuru.

Mwezi Mei 2013 mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, aliuimba wimbo huu akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kiasi cha kilomita 400 juu ya ardhi, na video yake ikaenea duniani kote. Alibadili maneno. Chombo cha Soyuz kinatajwa, mtambo haufi, na mwanaanga anaitwa arudi nyumbani, kama Hadfield alivyorudi siku chache baadaye. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu aliyeko angani kwa kukataa kuimba kifo chake, na Bowie aliipenda kazi hiyo. Lakini kiisimu kilichoondolewa ndicho kiungo kikuu. Kituo kikisikilizwa na kujibiwa, msikilizaji hana kazi tena. Anabaki mtazamaji wa mazungumzo ya watu wawili wanaoelewana. Odysseus amerejeshwa, kioja kimetoweka.

Bowie alifariki tarehe 10 Januari 2016. Mwishoni mwa 2017 Elon Musk alitangaza kwamba roketi mpya ya kampuni yake ingebeba gari lake jekundu likipiga "Space Oddity". Roketi ilirushwa tarehe 6 Februari 2018, sanamu iliyovishwa mavazi ya mwanaanga ikiwa imeketi mahali pa dereva. Huko gari lilikopelekwa hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri.