Shemeji Hakimbii Pilau Yako

*Shangazi, nina miaka mitatu kwenye ndoa, tunaishi Tabata, sote wawili tunafanya kazi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mume wangu hukaribisha ndugu na marafiki chakula cha jioni. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikaona mtandaoni jinsi wenzetu wanavyopanga, kila chakula na mvinyo wake, nikataka na sisi tuwe hivyo. Jumamosi iliyopita nilipika pilau, kuku wa kukaanga, samaki wa nazi, sambusa na chapati, nikanunua chupa nne za mvinyo mwekundu, si za bei ya kitoto. Wageni walionja, wakaomba soda. Mume wa wifi yangu alikula harakaharaka akaaga, na hii ni mara ya tatu. Wifi akaniuliza mbele za watu mbona sambusa zimepoa. Nilikuwa jikoni tangu asubuhi, Shangazi, na nilipokaa kula watu walikuwa wanatafuta viatu vyao. Mume wangu anasema najitesa mwenyewe. Niambie ni mvinyo gani unaendana na pilau, au niache kabisa kukaribisha watu?*

*Mchovu wa Tabata*



Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hii iliyochapwa, na katika ile sehemu niliyoikata uliandika kwa kupitia tu kwamba shemeji yako, huyo mume wa wifi, ni Mwislamu wa msikitini hasa, na kwamba mvinyo ulianza kuingia kwenye Jumamosi zenu miezi mitatu iliyopita. Sasa weka hayo mawili pamoja na zile mara tatu alizoaga mapema.

Wapo Waislamu ambao kwao kutokunywa hakutoshi, hawakai kabisa kwenye meza ambayo pombe inazungushwa. Hawatakuambia, maana mgeni mwenye adabu hamkosoi mwenyeji wake. Atakula matonge mawili matatu usije ukasononeka, atasifia, kisha atakumbuka ana safari asubuhi. Hiyo ni heshima, na wewe umeisoma kama dharau kwa pilau yako. Mwambie mumeo ampigie simu kabla ya Jumamosi ijayo, amwambie kwa kifupi kwamba safari hii mezani hakutakuwa na chupa. Maneno mengi hayahitajiki. Wanaopenda bia na mumeo watakaa nazo barazani baada ya kula, kama wanaume wengi wa mji huu walivyozoea siku zote, na bilauri zao ziwe mbali na zile za juisi. Tena usitie mvinyo kwenye mchuzi hata tone, kwa sababu hilo asiyejua atalila, na akija kujua hutamwona tena.

Sasa pilau. Unauliza mvinyo gani unaendana nayo, nami nakuuliza kwanza: kinywaji kinafanya kazi gani mezani? Hao uliowaona mtandaoni wameiga Wafaransa na Waitaliano, na Wafaransa na Waitaliano hawakukaa chini wakatunga kanuni. Walikunywa kilichoota kando ya shamba lao la mboga, na baada ya miaka mingi chakula na kinywaji vikazoeana. Huku kwetu kando ya minazi kulikuwa na mikwaju na milimau, tangawizi ikaja na viungo vingine kwa majahazi. Vyetu navyo vimezoeana. Hujalazimika kuvitafutia mchumba wa kigeni.

Pilau ya nyama ina mafuta, ina bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Mdomo ukishajaa mafuta na viungo unataka uchachu wa kuusafisha, ndiyo maana hakuna anayepakua pilau bila kachumbari ya ndimu. Juisi ya ukwaju inafanya kazi ileile ya kachumbari, ila kwa bilauri. Mvinyo mwekundu mkavu una ule ukakasi unaokausha ulimi, kama chai ya rangi iliyolala, na ukikutana na pilipili ukakasi huo unageuka uchungu, na kileo chenyewe kinazidisha moto. Wageni wako walioonja wakaomba soda hawakuwa washamba. Ndimi zao ziliwaambia kweli.

Na soda nayo, nikwambie, haisaidii sana kwenye pilipili. Gesi yake inauchoma ulimi ambao tayari umechomwa. Maji matupu pia hayafui dafu, kwa sababu kile kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta, na maji yanakisambaza tu mdomo mzima. Akitokea mgeni aliyetafuna pilipili mbuzi nzima, mpe mtindi wa baridi au maziwa. Weka bakuli la mtindi mezani siku yoyote unayopika kitu kikali, halafu utaona linavyoisha.

Ukwaju wenyewe ufanye Ijumaa usiku. Robo kilo kwa lita mbili za maji. Uloweke kwenye maji ya moto kiasi nusu saa, uuvuruge kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu vidoleni, uchuje kwenye chujio la matundu madogo, maana nyuzi zake zikipita zinakera kooni. Twanga kipande cha tangawizi mbichi chenye ukubwa wa kidole gumba, ukamue maji yake humo, tia chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari usitie. Ichemshe pembeni na maji kidogo iwe shira nyepesi, uiweke kwenye kijagi chake, kila mtu ajitilie. Kwenye kila meza ya watu wanane siku hizi yupo mwenye kisukari ambaye hajatangaza, na juisi iliyokwisha kutiwa sukari inamlazimisha ama kujieleza mbele ya watu ama kunywa maji kama mtoto aliyeadhibiwa. Jagi liende kwenye friji. Siku ya pili ukwaju umetulia na ladha imekaa sawa, bora kuliko ule uliokamuliwa saa hiyohiyo.

Ila usidhani ukwaju ndio dawa ya kila sufuria. Siku ya samaki wa kupaka uache, kwa kuwa wapishi wengi tunautia kwenye rojo lenyewe, na mlaji akiukuta tena kwenye bilauri anachoka. Nazi ina utamu wake na uzito wake, kwa hiyo kinywaji kiwe chepesi: maji baridi sana, ndimu ya kutosha, sukari kidogo mno, majani ya mnanaa ukiyapata. Juisi ya embe na mchuzi wa nazi sivipatanishi mezani kwangu, vyote viwili ni vizito na vitamu na mtu analala kabla hajanawa. Madafu mimi nayapenda kabla ya chakula, mgeni anapofika na jasho lake, si katikati ya mlo. Mishkaki na nyama choma zina moshi na chumvi, hapo tangawizi kali yenye ndimu inakaa vizuri, na wanywa bia watakuambia na bia pia. Sibishani nao, ule uchungu wake unaijua chumvi. Rozela iliyochemshwa na karafuu mbili inaweza kukaa badala ya ukwaju siku ukikosa, na rangi yake mezani inapendeza kuliko huo mvinyo.

Lakini hata ukipata vinywaji vyote hivyo, mwanangu, bado hujakaa. Umepika vyakula vitano vya watu wanane, na vitatu kati ya hivyo, sambusa, chapati na kuku wa kukaanga, ni vile ambavyo haviwezi kusubiri. Na nani atafika kwa wakati Dar es Salaam? Ukiwaambia saa moja, wa kwanza ataingia saa mbili kasoro na wa mwisho atakuwa bado yuko Buguruni kwenye foleni anakuambia amefika. Vya kukaanga vinapoa, unawasha jiko tena, unakaanga huku wao wanacheka sebuleni. Mumeo amesema kweli ingawa amesema vibaya, na angesema vizuri zaidi akiwa ameshika mwiko.

Chagua chakula kimoja kinachosubiri. Pilau inasubiri: ikishakauka maji, funika, palia makaa juu ya mfuniko, punguza ya chini, na itakaa saa nzima ikizidi kuwa nzuri. Kama unatumia gesi, funga sufuria kwa taulo nene uiweke ndani ya kapu, haitapoa upesi. Mchuzi wa nazi unasubiri kwa namna yake: upike na tui jepesi mapema mpaka kila kitu kiive, kisha uuzime. Wageni wakishakaa, rudisha motoni, mimina tui zito, koroga mfululizo bila kuliachia lichemke kwa nguvu lisije likakatika. Kazi hiyo haizidi muda wa kusalimiana. Maharage ya nazi, mbaazi, mchuzi wa nyama, vyote ni watu wa subira. Wali uliobaki uingie kwenye friji mapema usiku huohuo. Ukilala nje mpaka asubuhi usiupashe kumpa mtu, utaumiza matumbo.

Siku ya mishkaki ndiyo ninayoipenda zaidi kwa ajili yako, kwa sababu jiko linatoka nje na mumeo anatoka nalo. Nyama ikate mwenyewe mchana, itie tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi lililokwaruzwa pamoja na ganda lake. Papai lisikae zaidi ya saa mbili. Wapo wanaoliacha usiku kucha wakidhani wanalainisha zaidi, asubuhi wanakuta nyama imekuwa uji, haishikiki kwenye kijiti. Jioni mkabidhi mumeo beseni na kipepeo. Marafiki zake watamzunguka wenyewe, kila mmoja atakuwa na maoni kuhusu makaa, na wewe utakuwa umekaa kwenye mkeka na jagi lako la tangawizi unakata ndizi za kuchoma taratibu. Hakuna atakayeuliza chapati.

Isipokuwa wifi.

Wifi hamalizwi kwa sambusa za moto, kwa hiyo mpe kazi. Mpigie Alhamisi, kwa sauti ya kumbembeleza, umwambie kachumbari yako haifikii yake na unaomba aje nayo, au aje nusu saa mapema mtengeneze pamoja. Kama hupendi kumwona jikoni kwako, basi alete tende na kashata za kunywea kahawa. Mtu aliyechangia karamu huitetea. Anayekuja mikono mitupu ndiye anayepata nafasi ya kukagua. Na akikuuliza mbele za watu mbona leo kuna chakula kimoja tu, mjibu, "Wifi, leo nimetaka kukaa na nyinyi," halafu umpakulie.

Usimalizie kwa keki wala vikorokoro vya kutafuta usiku. Watu wakishanawa, toa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, yenye tangawizi kavu, na hizo tende za wifi. Hapo mazungumzo ndipo huanza, na shemeji akibaki mpaka kahawa ya pili utajua.

Kila mwezi si lazima. Kama mshahara na mgongo havitoshi, fanyeni kila baada ya miezi miwili, au Jumamosi nyingine iwe kwa rafiki yenu. Kuacha kabisa usiache. Nyumba ya miaka mitatu inahitaji watu wa kuizoea.

Kuhusu chupa zilizobaki: ambazo hazijafunguliwa zilaze chini ya kabati mbali na jiko na dirisha, kizibo kama ni cha gome kikilala kwenye mvinyo hakikauki. Iliyofunguliwa uizibe, iweke kwenye friji, mwisho siku tatu nne. Siku mko wawili tu, mkaange kuku au mchome nyama isiyo na pilipili, chumvi na kitunguu saumu basi, utoe chupa kwenye friji ikiwa imekaa humo nusu saa, maana joto letu linaufanya mvinyo mwekundu uwe kama dawa ya kikohozi. Na siku nyingine ukitaka kununua, anza na wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mweupe mtamu wa baridi unavumilia viungo vyetu kuliko huo mkavu ulioulipia ghali.