Rangi ya Akriliki Yakauka Upesi Mno: Majibu kwa Wapaka Visanamu

Katika barua zilizonifikia juu ya rangi za akriliki na visanamu vya milimita 28, nimechagua zile ambazo ndani yake naona ushauri potofu ukienea, maana wako watu wanaoharibu kazi ya majuma mazima kwa kufuata maneno ya wasiojua rangi ni kitu gani. Wanaouliza jinsi ya kushika burashi watanisamehe, hayo nayaacha.

*Barua nyingi, zote kwa maana moja: Rangi yangu yakauka kabla sijaifikisha kwenye mkunjo wa pili wa joho. Nimeambiwa niongeze maji, nikaongeza, na bado. Niongeze kiasi gani tena?*

Usiongeze. Hili ndilo kosa linalonikera kuliko yote, na kwa kuwa limekita mizizi sina budi kulieleza kwa urefu. Rangi ya akriliki ya maji, tangu ilipoanza kuuzwa kwa wachoraji wa Marekani katikati ya miaka ya 1950, si kitu ila chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yanapopotea hewani, chembe hizo husongamana, zikagusana, zikashikana, na zikiisha kushikana huwa utando mmoja ambao maji hayawezi kuuyeyusha tena. Rangi ya mafuta, ambayo kwayo tumerithi fikra ya kuchanganya rangi mbili papo hapo juu ya kazi, haikauki hivyo, bali mafuta yake hushika oksijeni polepole na kugeuka yabisi, na ndiyo sababu mwenye kuitumia hupata muhula wa siku nzima, ilhali mwenye akriliki hupata dakika moja au pungufu.

Sasa tazama maji mengi hufanya nini. Rangi iliyozimuliwa mno hutandaa nyembamba, na kitu kilichotandaa hutoa maji yake hewani upesi kuliko tone nene. Ule muda unaodhani umeupata, umekwisha kuupoteza. Fauka ya hayo, gundi ile ya plastiki huwa haba, na rangi hubanduka kwa kidole. Baya zaidi ni lile duara lililokolea pembeni: ukingo wa tone hukauka kwanza, maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, na unga wa rangi huchukuliwa nayo, sawasawa na alama ya tone la kahawa mezani, jambo ambalo wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza mwaka 1997. Mtu huliona duara lile juu ya joho la askari wake, akadhani rangi ni mbovu, akazidisha maji. La pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Maji kazi yake ni kuilainisha rangi ipite bila kuacha mistari, basi. Muda hutafutwa mahali pengine.

*Je, glisirini ya duka la dawa yafaa? Na ile chupa ndogo inayouzwa ghali kwa jina la siri ya mabingwa?*

Glisirini huchelewesha kweli, sikatai, maana huvuta unyevu na kuushikilia. Walakini yenyewe haiondoki. Hubaki ndani ya utando, kisanamu kikaendelea kunata na kukusanya vumbi, na ukipaka tabaka la pili, la kwanza hung'oka. Midiamu za kuchelewesha za makampuni ya rangi aghalabu hutumia propilini glaikoli, ambayo huondoka polepole, lakini huondoka. Tone moja kwa matone kumi ya rangi latosha. Ama ile chupa ya siri, mtu asiyeandika kilichomo ndani ya chupa yake hastahili fedha yako.

*Napaka rangi chini ya feni kwa sababu ya joto.*

Zima feni.

*Nimetengeneza paleti ya unyevu kwa sifongo na karatasi, lakini rangi hugeuka maji matupu. Ya mwenzangu hukauka kama kibao cha kawaida.*

Wewe umezidisha maji: sifongo iloe, lakini ukiinamisha chombo yasitiririke. Mwenzako ametumia karatasi ya nta, ambayo haipitishi maji. Na atafute karatasi ya kuokea. Jueni pia kwamba paleti hulinda rangi iliyo juu yake tu. Ikishafika kwenye kisanamu, paleti haina mamlaka nayo.

*Niko Nairobi, ndugu yangu yuko Mombasa. Rangi ni ile ile, lakini yangu yakauka upesi zaidi.*

Si rangi, ni hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari hewa yake huwa kavu, ilhali ya Mombasa imeshiba mvuke wa bahari. Kipimo chako cha midiamu kisimfuate ndugu yako, ambaye wakati wa masika pengine haihitaji kabisa.

*Basi nichanganyeje?*

Tia rangi ya kivuli ndani ya mkunjo, eneo la milimita tatu au nne na si zaidi, na kabla hujatazama kwingine shika burashi ya pili, iliyochovywa majini na kufutwa kitambaani hata ncha yake isiache tone, uuvute ukingo wa rangi kuelekea penye mwanga, mara mbili au tatu, kisha uache. Ukiona imeanza kufanya ngozi, ondoa mkono, maana kuisugua ni kuuchana utando. Tena mjue kwamba mtindo uliotangazwa na studio ya Games Workshop huko Nottingham, ambao wengi wenu mwautamani, hautegemei sana rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Hupandishwa kwa matabaka membamba, kila moja limekauka kabla ya jingine, na hapo wepesi wa akriliki kukauka huwa msaada mkubwa kwa mpakaji.

*Nachonga ncha ya burashi kwa ulimi. Je, midiamu ina sumu?*

Acha leo. Baadhi ya rangi za wasanii zina kadmiamu na kobalti, na hakuna midiamu iliyotengenezwa ili iliwe. Zungusha ncha juu ya kitambaa chenye maji.