Paka Anayenyonyoka Manyoya: Soma Lebo Kwanza

Paka anapojikuna na kunyonyoka manyoya, chanzo mara nyingi ni viroboto, utitiri au choa, ambacho huweza kumwambukiza mtoto anayempakata.

Katika kaya za wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama, dawa ya kuogeshea ng'ombe huwa karibu. Usimpake paka dawa hiyo, wala ya mbwa. Nyingi zina pemethrini au sipemethrini, sumu ambazo ini la paka hushindwa kuziondoa upesi. Hutetemeka, hupata degedege, na huweza kufa. Akishapakwa, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha umpeleke upesi kwa daktari wa mifugo.

Unaponunua, hakikisha lebo inataja paka, uzito wake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kataa dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo, na udai risiti.