Waungwana wa Ujiji

SWALI: Bibi yangu wa Ujiji husema, "Sisi ni waungwana." Kamusi ya shule inasema muungwana ni mtu mwenye adabu. Je, anajisifu? Na "mwisho wa reli" ya vijana ina maana gani?

JIBU: Hajisifu hata kidogo, anataja asili. Maana ya zamani ya muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa, na Kamusi ya Johnson ya 1939 inaitaja. Katika misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, wapagazi wengi Waislamu waliosema Kiswahili walijiita waungwana, wakiwemo waliokuwa bado watumwa. Hapo ndipo neno linaponigusa: watu walijitwalia heshima kwa dini, mavazi na lugha kabla ya kupewa uhuru. Walivuka ziwa hadi Manyema, na Kiswahili cha Kongo mashariki kikaitwa Kingwana kwa jina lao.

"Mwisho wa reli" ni Kigoma yenyewe. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika huko 1914.

Mketishe bibi, ndugu yangu, umuulize maneno mengine, na uyaandike mapema.