Chujio la Floraidi: Uliza Kabla ya Kununua

Maji ya nyanda za volkano, kuanzia Arusha hadi Ngorongoro, mara nyingi huwa na madini ya floraidi. Madini hayo hayaonekani wala hayanuki. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huweza kupinda. Kuchemsha hakuyaondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Chujio hubuniwaje?

Katika nchi ya wafugaji kama Endulen, malighafi haiko mbali. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa hewa kidogo, kwa nyuzijoto 400 hadi 600 hivi, hutoa mkaa unaonasa floraidi. Moto ukipungua, maji hunuka. Ukizidi, mkaa hupoteza nguvu. Kujaribu kila namna kwa mkono huchukua miezi. Hivyo wataalamu huiga kwanza kwa kompyuta mwendo wa maji ndani ya mkaa, kisha huhakiki kwa maji halisi ya mahali, kwa kuwa maji yenye magadi hupunguza unasaji. Kompyuta hupunguza majaribio, haiyaondoi.

Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alituzwa mwaka 2015 na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio la mchanga na chembe ndogo mno, zinazoteuliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika.

Mfano wa hesabu

Tuseme mkaa wa kilo 10 hunasa gramu 2 kwa kila kilo, yaani gramu 20. Maji yenye miligramu 5 kwa lita yakishushwa hadi 1, chujio litasafisha lita 5,000: ndoo ya lita 20 kila siku kwa siku 250. Yakiwa na miligramu 9, ni siku 125 tu. Baada ya hapo maji yatatoka meupe vilevile, lakini floraidi itapita.

Kwa hiyo tunakushauri umwulize muuzaji:

1. Je, chujio limepimwa kwa maji ya kwetu?
2. Litasafisha lita ngapi kabla ya kubadilishwa mkaa?
3. Mkaa mpya unapatikana wapi, na kwa bei gani?

Asiyeweza kujibu, usimpe fedha yako. Na ukishanunua, pima maji yako tena, jicho halitoshi.