Ardhi Iliyoganda Kwenye Nchi ya Joto

Mwambie mtu wa Buzebazeba kwamba Tanzania kuna udongo ulioganda mwaka mzima, atakucheka. Basi wanachuo wenzangu, tupige hesabu kwanza.

Ufuko wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto Kigoma ni kama nyuzi 24. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Kilele cha Kibo, mlima Kilimanjaro, kina mita 5,895. Tofauti ni mita 5,125, sawa na nyuzi 31 hivi. Ukitoa, unapata nyuzi 7 chini ya sifuri. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa mwaka 2000 juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo kimepima wastani unaokaribiana na huo.

Je, ardhi yote ya kileleni imeganda? Hapana, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Pamafrosti ni ardhi inayobaki kwenye nyuzi 0 au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Sharti ni joto, si barafu. Hata mchanga mkavu kabisa unaweza kuwa pamafrosti.

Kileleni kule ni pakavu. Theluji ni chache, kwa hiyo jivu jeusi la volkano hukaa wazi na kunyonya jua la tropiki mchana. Usiku, bila mawingu, joto hilo hupotea upesi. Udongo wa juu huweza kuganda na kuyeyuka ndani ya siku moja. Tena Kibo ni volkano iliyolala: kwenye kreta ya Reusch bado kuna matundu yanayotoa gesi, maana yake joto linatoka chini pia.

Ndiyo maana kipimo cha hewa peke yake hakitoshi. Lazima utoboe shimo, uweke vipimajoto kwenye vina tofauti, uviache miaka. Jaribu hata nyumbani: pima mchanga saa saba mchana na alfajiri, juu kabisa, kisha sentimita 50 chini. Juu utaona tofauti kubwa. Chini, karibu hakuna.

Barafu za Kilimanjaro zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na tunajua kwa sababu zinaonekana kwenye ramani na picha. Ardhi iliyoganda haina picha. Ikipata joto bila kipimajoto ndani yake, itayeyuka na hakuna atakayejua kwamba ilikuwepo.